Mapazia ya Malkia

Wanangu wa gereji,

Siku ya kuniaga mlinipa kiti. Asanteni sana. Mshono wa upande wa kushoto ulikuwa umelegea, kwa hiyo nimekwisha kukifumua na kukishona upya, na sasa nimekikalia ninapoandika haya. Mliomba niwaandikie mambo ya kazi yetu ilivyokuwa zamani. Ya mishahara sitayasema, maana ni mafupi mno. Vyeo navyo nitaviruka, kwa sababu kwetu cheo kilichoeleweka kilikuwa kimoja tu, kushika ufunguo wa stoo. Mengine yote yalikuwa kelele za mkutanoni.

Kabla ya gereji nilikuwa nashona magodoro nyumbani kwetu Isevya, hapa Tabora. Sufi puani, shazia, ile sindano kubwa ya magodoro, mkononi, na mama pembeni akinikosoa. Jirani yetu, Fundi Shabani, alikuwa fundi wa viti vya magari na wa umeme wake pia. Wakati ule kazi hizo zilikwenda pamoja, kwa kuwa waya hupita chini ya kiti, na anayekiinua kiti ndiye anayelaumiwa waya ukikatika. Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua kwenye mishono midogo. Siku moja akaleta kiti cha lori nimshonee. Baada ya wiki akaleta kingine. Alipoleta cha tatu alikitua mlangoni, akajifuta jasho.

"Zuhura, nimechoka kubeba viti kupita sokoni, watu wananiuliza nahamia wapi. Njoo gereji."

Mama akauliza, "Huko kwa wanaume mwanangu atakaa wapi?"

"Kwenye viti, Mama Zuhura. Ndiyo kazi yenyewe."

Siku ya kwanza nilifika na kikapu chenye nyuzi, mkasi na shazia. Mpaka adhuhuri kila fundi alinijia kwa zamu kuuliza nimeleta chakula gani. Wa mwisho alikuwa Mashaka, fundi wa injini, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita treni irudi nyuma. Alifunua kikapu mwenyewe, akaona nyuzi, akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Hata kiazi?" Tangu hapo hatukuelewana, na nadhani mwanzo wake ni njaa.

Fundi Shabani alinifundisha kupaka uzi nta kabla ya kushona, nta ya nyuki wa huku kwetu, mpaka uzi ulie ukipita kwenye kitambaa. Alinifundisha kukunja pindo mara mbili pale mkono wa abiria unapogusa, kwa sababu abiria akikosa la kufanya huchokonoa. Na kuhusu umeme alinifundisha jambo moja lililokuja kunifaa kuliko yote. "Kabla hujagusa waya, muulize gari kwao ni wapi," alisema. Magari ya zamani ya Kiingereza waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Haya ya kisasa ni kinyume, bodi inashika hasi. Ukikosea, gari halitakwambia kwa maneno. Injini itawaka vizuri tu, taa zitawaka, nawe utaondoka unapiga mluzi, kumbe kila kitu chenye mota ndogo kinazunguka kurudi kilikotoka.

Ukaja wakati wa Ujamaa, na gereji za mtaa wetu zikaunganishwa kuwa chama cha ushirika. Mashaka alichaguliwa mwenyekiti. Hotuba alikuwa nazo, na vipuri havikuwepo, kwa hiyo hotuba zilijaza nafasi. Tulikata kandambili kutengeneza bushi. Tulichemsha plagi kama mihogo. Mimi nilikuwa kibarua tu, si mwanachama. Fundi Shabani alipopeleka jina langu kwenye mkutano, Mashaka alisimama akasema ushonaji si ufundi wa magari, na kwamba taifa linalojenga uchumi haliwezi kuchanganya godoro na giaboksi. Mafundi wakapiga makofi, wengine kwa sababu walipenda neno giaboksi. Jina langu likawekwa kando.

Niliumia. Nasema wazi, nililia njia nzima hadi nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuipenda ile kazi, harufu ya rekisini mpya, ile ngozi ya bandia ya viti, waya kuupitisha gizani chini ya zulia na kuukuta mwisho wake pale pale ulipoutarajia. Godoro halina waya. Ukilimaliza, mtu analala.

Ndipo akaja Malkia.

Malkia lilikuwa jina la gari la Mzee Haruni, mfanyabiashara wa asali na nta, mtu aliyeheshimika mjini. Lilikuwa gari kubwa jeusi la Kiingereza, alilouziwa na ofisa mmoja wa kikoloni aliyekuwa anafungasha virago wakati wa Uhuru. Nje aling'aa. Ndani panya walikuwa wameishi vizazi kadhaa, wamekula singa zilizojazwa kwenye viti na kuacha springi zimesimama uchi. Mzee Haruni alikuwa anamwoza binti yake Salma huko Tura, kwa familia ya watu wa reli, naye alitaka Malkia ampeleke.

"Binti," aliniambia, maana Fundi Shabani alinisukuma mbele nisikie mwenyewe, "nataka mambo matatu. Mwanangu asipate joto, asipate vumbi, na asionekane hata ukucha mpaka yumo ndani ya nyumba ya mumewe."

La tatu ndilo lililomtoa jasho. Mnajua desturi. Bibi harusi akifika, wanawake wa upande wa mume hulizingira gari wakiimba, na kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kumwona uso. Wa upande wa mke huzuia. Ni mchezo, lakini ni mchezo wa kukumbukwa miaka. Dada yake Salma alipoolewa huko huko Tura, mkono mmoja uliingia dirishani ukatoka na shela zima. Wanawake wa Tura wakatunga wimbo, na Mzee Haruni alikuwa akiusikia hata stesheni anaposhuka kupima asali.

Mashaka akaona nafasi. Mbele ya mafundi wote alisema, "Zuhura amtengeneze Malkia ndani. Bibi harusi akifika bila kuonekana, sitapinga jina lake. Akionekana, Zuhura arudi kwenye magodoro, na Fundi Shabani asituletee tena habari hii." Fundi Shabani aliniangalia. Nilisema sawa.

Vifaa vilitoka porini. Njia ya kwenda Tura kulikuwa na mzoga wa gari la kisasa, lililokuwa la mhandisi mgeni aliyekutana na ng'ombe. Mhandisi alipona, ng'ombe pia, gari halikupona. Mzee Haruni akaununua mzoga, tukauvuta mpaka gereji, tukauchinja. Tulipata viti vya mbele vinavyolala nyuma, redio ya kanda, feni ndogo, kiwashio cha sigara, na kubwa kuliko yote, vioo vinavyopanda na kushuka kwa umeme. Tabora nzima hakuna aliyekuwa amegusa kitu hicho.

Viti vilikuwa vyembamba kuliko nafasi ya Malkia, nikavitengenezea miguu ya mninga na kuvivika rekisini ya rangi ya chai ya maziwa. Redio tuliitundika kwenye kipande cha mninga, isigusane na bodi, kwa sababu redio ilikuwa ya kisasa na bodi ilikuwa ya zamani, na hao wawili wangegombana. Mota za vioo zilikaa palipokuwa na mikono ya kuzungushia. Vioo vyote vinne tukaviunganisha kwenye swichi moja mbele ya dereva, na mwandishi wa mabango akaandika kwa rangi nyeupe, juu FUNGA, chini FUNGUA. Mzee Haruni havuti sigara, lakini alikuja kila siku kubonyeza kiwashio na kukitazama kikiwa chekundu.

Mashaka naye alikuja. Akazunguka, akauliza kama anasa hii yote ni Ujamaa.

"Ni kujitegemea, Mwenyekiti," Fundi Shabani akajibu. "Vilikuwa vimelala porini bure."

Mashaka akaingia, akakilaza kiti, akapandisha vioo, akavishusha, akavipandisha, mpaka betri ikaanza kunung'unika. Alipotoka alisema amekagua kwa manufaa ya wanachama.

Nilibakisha mapazia. Fundi Shabani aliuliza ya nini, na vioo vina umeme. Nikamwambia umeme sijauzoea kiasi cha kumkabidhi bibi harusi wa watu. Nilinunua mahameli nzito nyekundu, nikapitisha waya juu na chini, si juu peke yake, na pale mapazia yanapokutana nikashona kulabu kwa ndani, uzi umelishwa nta ya Mzee Haruni mwenyewe. Nilikunja pindo mara mbili. Halafu nikayaning'inia mapazia nione kama kulabu zitashika. Zilishika.

Siku ya harusi Fundi Shabani alikuwa msibani Itetemia, alikofiwa na shemeji yake. Betri ilikuwa imepelekwa kuchajiwa. Nilipofika, Mashaka alikuwa amekwisha kuirudisha kwa mkono wake na kufunga boneti, amevaa kanzu nyeupe na koti, tayari kuendesha. Dereva wa Mzee Haruni alikuwa na afya njema, lakini mwenyekiti alitaka kuonekana. Nyuma akaingia Salma, amefunikwa gubigubi, na somo wake, mama mtu mzima aliyemfunda, ambaye alisinzia kabla hatujawasha gari. Mzee Haruni alitaka fundi awe karibu ikiwa chochote kitaharibika, na fundi mwanamume hawezi kukaa na bibi harusi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ushirika wetu nilikuwa mtu pekee mwenye sifa.

Mashaka akawasha redio. Ikasema tap, ikanuka, ikanyamaza.

"Kanda mbovu," alisema.

Tulipopita nyumba za mwisho nikawasha feni iliyokuwa nyuma yetu ili Salma apate hewa. Badala ya kupuliza ikavuta, shela la Salma likaanza kwenda kwenye feni kama limeitwa. Nikaizima. Hapo nikainama mbele kutazama saa ya ampea kwenye dashibodi, ile inayoonyesha kama betri inajazwa au inatoa umeme. Sindano ilikuwa imelala upande wa kutoa umeme, na kila Mashaka alipokanyaga mafuta ikalala zaidi. Huyu mtu amefunga betri kama anavyofunga kwenye malori yake, hasi kwenye bodi, na bila shaka vichwa vya waya vilipokataa alivipanua kwa bisibisi.

"Mwenyekiti, simamisha gari. Betri imefungwa kinyume."

"Injini inawaka?"

"Inawaka, lakini sindano..."

"Magurudumu yanazunguka?"

"Yanazunguka. Lakini ukibonyeza FUNGA, vioo vitafunguka."

Akacheka. "Zuhura, sasa unanifundisha kusoma? Kaa na mapazia yako."

Nikakaa na mapazia yangu. Nilikaza kulabu moja moja, juu mpaka chini, nikiwa na hasira na hofu pamoja. Nje ilikuwa njia ile ile ya misafara ya zamani, mchanga mtupu na miyombo. Wapagazi waliipita kwa miguu na mizigo kichwani, na nikawaza kwamba angalau wao hakuna aliyewafungia betri kinyume. Lori lenye wanawake wa Isevya lilikuwa nyuma yetu, likila vumbi letu. Salma hakusema neno, maana bibi harusi hasemi, lakini nilimwona mabega yakitetemeka chini ya nguo, nikajua analia. Nikamshika mkono.

Tura walikuwa wanatungoja. Stesheni nzima ilikuwa imehamia barabarani. Mbele yao alisimama shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye kanga mpya na sauti iliyomfanya Mashaka aonekane mnong'onaji. Gari lilipopunguza mwendo wakatuzingira, wakiimba ule ule wimbo wa dada yake Salma. Mitikisiko ya njia ilikuwa imeteremsha kioo cha upande wetu upana wa kidole, na vidole vikaanza kuingia.

"Mwenyekiti, usiguse!" nikapiga kelele.

Mashaka akabonyeza FUNGA.

Vioo vyote vinne vikashuka, polepole, kwa adabu, kama vinawakaribisha. Mashaka akabonyeza kwa nguvu zaidi. Vikashuka kwa bidii zaidi. Vigelegele vya Tura vilipasua anga, na mikono ikaingia, sijui mingapi, ikakamata mahameli na kuvuta. Somo aliamka akauliza kama tumefika. Mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nikisikiliza uzi wangu. Uzi ulilia, lakini haukukatika. Waya wa juu ulishika, waya wa chini ulishika, kulabu zikakaa kama zilivyoshonwa.

"Nani kashona hili pazia?" shangazi alifoka kutoka nje, mkono wake mpaka kwenye kiwiko ukiwa umejazwa mahameli.

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu legeza kidogo tu, tumwone mwenzetu."

"Silegezi, shangazi."

"Hata jicho moja?"

"Hata kope."

Nikajirusha juu ya kiti cha mbele, kichwa karibu na goti la Mashaka, jambo ambalo sikumweleza mama, nikabonyeza FUNGUA. Vioo vikapanda. Mikono ikatoka kwa haraka, watu wakipiga yowe na kucheka. Shangazi aliutoa mkono wake, lakini pindo la kanga yake lilibaki ndani, kioo kikaliminya juu kabisa. Akavuta. Malkia hakuachia. Wakati huo huo lori letu likafika, na wanawake wa Isevya waliojaa vumbi mpaka kwenye nyusi wakashuka wakamkuta kiongozi wa Tura amefungwa kwenye gari la bibi harusi kwa kanga yake mwenyewe. Sitaeleza vigelegele vilivyopigwa. Nadhani Kigoma walivisikia.

"Nifungulie, mwanangu," shangazi akasema kwa sauti ya chini.

"Waambie wako watupishe njia mpaka mlangoni."

Alinitazama kupitia kioo, kisha akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, akageuka akawaamuru watu wake wasogee, nami nikabonyeza FUNGA kidogo, kanga yake ikatoka. Wa Isevya wakatandaza kanga zao juu, na Salma akapita chini yake mpaka ndani, hajaonwa hata ukucha. Kabla ya kushuka alininong'oneza, na desturi inisamehe kwa kumsikia: "Dada, mbavu zangu. Nimecheka tangu feni." Kumbe njia nzima nilikuwa nimemfariji mtu anayecheka.

Mzee Haruni alifika akakuta wimbo wa zamani umekwisha kufa, na mpya umeshatungwa, wa shangazi na kioo. Alifuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Mashaka! Vioo vishuke, wajae tamaa, halafu viwapandie! Hili mlilipanga?"

Mashaka alinitazama. Mimi nilikuwa nachunguza kulabu.

"Tulilipanga, Mzee," akasema. "Mimi na Zuhura."

Kwenye mkutano wa ushirika aliueleza mpango huo kirefu, kwa mikono, akiongeza vipande ambavyo hata mimi niliyekuwemo sikuviona. Mafundi walisikiliza midomo wazi. Fundi Shabani alikuwa amerudi kutoka msibani, na asubuhi ile alikuwa amefungua boneti ya Malkia. Alinyoosha mkono kwa upole.

"Na betri, Mwenyekiti? Nayo mliipanga?"

Mashaka akanigeukia, na machoni mwake niliona ombi, kama siku ile alipofunua kikapu changu akakosa kiazi. Ningeweza kumwaga yote pale. Ulimi ulikuwa umeshafika mlangoni.

"Mimi ya betri sijui," nikasema. "Mwenyekiti aliniagiza nikae na mapazia yangu, nikakaa nayo."

Fundi Shabani akakohoa, kikohozi kirefu kilichokuwa na kicheko ndani yake. Kisha akaomba jina langu lirudishwe mezani. Kabla hajamaliza sentensi, mkono wa Mashaka ulikuwa juu, mrefu kuliko yote, na wengine wakaufuata.

Tangu hapo kila bibi harusi wa Tabora alitaka Malkia, na kila mmoja aliuliza kama vioo vitashuka. Betri tuliirudisha ilivyotakiwa, na kuwashushia shangazi za watu vioo wajae tamaa tukajifunza kufanya kwa makusudi. Mashaka hakuwahi kuniomba radhi. Lakini kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakukaza tena kichwa cha betri bila kuniita kutoka upande wa pili wa gereji. "Zuhura! Njoo umuulize huyu kwao wapi!" Nami nilikwenda, sindano mdomoni, nikainama karibu naye, na wakati mwingine niliona alikuwa ameshajua jibu.

Fundi Shabani alitangulia, Mungu amrehemu, na shazia yake ninayo. Mashaka alipostaafu, mgongo umepinda na sauti imebaki nusu, alikuja kwenye pembe yangu ya viti nikiwa katikati ya mshono. Aliweka ufunguo wa stoo juu ya meza ya cherehani, akitazama ukutani.

"Kaa na gereji yako," alisema.

Nilimaliza mshono kwanza, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka ayaone. Halafu nikamsindikiza mpaka kwenye gari lililokuja kumchukua, na kabla halijaondoka nikamwambia dereva afungue boneti niangalie betri.